Muulize Mama Mhariri: Rais akifariki ghafla, gazeti la mji liandike nini?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kuhusu jambo moja, nami nimeona niziweke pamoja. Nilikaa kwenye dawati la habari tangu nikiwa binti wa miaka 23 hadi nilipostaafu, na sasa naishi Kikuyu, hapa hapa Dodoma.

Shikamoo mama. Ninasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili. Mwalimu ametupa kazi ya kueleza namna magazeti ya mji wa Dallas yalivyoripoti kifo cha Rais John Kennedy mwaka 1963. Nimesoma nikachanganyikiwa. Mashirika makubwa ya habari yalikuwa kwenye msafara ule, televisheni zilikatisha vipindi, Marekani nzima ikajua ndani ya saa moja. Gazeti la mji lilibaki na kazi gani? Nikiandika kwamba halikuwa na cha kuongeza, nitakosea?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Utakosea. Nitakujibu kwa urefu, maana swali hili nimelibeba moyoni zaidi ya miaka 40.

Kennedy alipigwa risasi siku ya Ijumaa, tarehe 22 Novemba 1963, saa sita na nusu mchana kwa saa za kule. Kwetu Tanganyika ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Jina lake halikuwa geni hapa: Mwalimu Nyerere alikuwa amemtembelea Ikulu ya Marekani Julai ya mwaka huo huo, miezi minne tu nyuma.

Dallas ilikuwa na magazeti mawili makubwa. Dallas Times Herald lilitoka mchana, kwa hiyo liliingiza habari mtamboni siku ile ile. Dallas Morning News lilitoka alfajiri, kwa hiyo lilibidi lingoje hadi Jumamosi, huku toleo lake la Ijumaa likiwa bado mikononi mwa watu. Nataka ukae hapo kidogo kwenye toleo hilo la Ijumaa asubuhi. Ndani yake lilibeba tangazo la kulipiwa la ukurasa mzima, lenye ukingo mweusi kama wa tanzia, likimkaribisha Kennedy mjini kwa maneno ya heshima kisha likimrushia maswali ya kumshutumu. Ukurasa wa mbele ulikuwa na ramani ya njia atakayopita. Na mahali alipopigwa risasi panaitwa Dealey Plaza, kwa jina la George Bannerman Dealey, aliyekuwa mchapishaji wa gazeti hilo hilo. Mwanawe, Ted Dealey, ndiye aliyemwambia Kennedy usoni mwaka 1961, mezani Ikulu, kwamba taifa linataka kiongozi aliyepanda farasi, na kwamba watu wengi wa Texas wanamwona amepanda baiskeli ya bintiye Caroline.

Mwandishi aliyetoka Washington aliandika habari yake, akapanda ndege akarudi kwao. Wale wa Dallas walibaki na lile tangazo. Tena saa ile ile risasi zinalia, Jack Ruby, mwenye vilabu vya usiku, alikuwa ndani ya jengo la Morning News, kitengo cha matangazo, akiandaa matangazo ya vilabu vyake vya mwisho wa wiki. Siku mbili baadaye alimuua Lee Harvey Oswald, aliyekuwa amekamatwa kwa kumuua Kennedy, mbele ya kamera, katika maegesho ya magari ya chini ya makao ya polisi. Kwa hiyo gazeti lile halikuwa likitazama habari kwa mbali. Habari ilipita kaunta yake.

Sasa nikuletee mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Mary Woodward alikuwa mwandishi wa habari za wanawake wa Dallas Morning News. Msafara wa rais haukuwa kazi aliyopangiwa. Aliondoka ofisini na wenzake watatu, wanawake, wakati wa chakula cha mchana, wakaenda kusimama kandokando ya Elm Street kumwona rais akipita, kama wewe ungekwenda kusimama barabarani na wenzako wa chuo. Gari lilipokaribia walipaza sauti kumwita. Akageuka upande wao, akatabasamu, akapunga mkono. Kisha wakasikia mlio mkali, na mwanzoni hawakujua ni nini. Alirudi ofisini akaketi akaandika alichokiona, na gazeti likakichapa kesho yake. Mashirika ya habari yalikuwa na redio ya simu ndani ya gari la msafara, lakini hakuna aliyekuwa amesimama pale aliposimama yeye, usawa wa macho ya rais, amevaa nguo zake za kazini.

Mwingine ni mpiga picha wa Times Herald, Bob Jackson. Alikuwa kwenye msafara, katika gari la nyuma. Alivua filamu kwenye kamera, akaitia kwenye bahasha, akamrushia mwandishi mwenzake aliyekuwa akingoja kwenye kona. Upepo ukaipeperusha, mwenzake akaikimbilia, wao garini wakacheka. Hapo hapo risasi zikalia. Jackson akainua macho akaona bunduki ikirudishwa ndani ya dirisha la juu la jengo la ghala la vitabu vya shule, lililokuwa kando ya njia ya msafara. Kamera ilikuwa mkononi, tupu. Siku ya Jumapili ni yeye aliyepiga picha ya Ruby akimfyatulia Oswald, na picha hiyo ikampatia Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka 1964. Mwenzake wa Morning News, Jack Beers, alibonyeza mapema kwa takriban sehemu sita za kumi za sekunde. Kwenye picha yake Ruby anaonekana anajitokeza, lakini risasi bado. Mimi nimezitazama picha hizo mbili mara nyingi, moja kando ya nyingine, na kila mara namfikiria Beers akirudi nyumbani jioni ile.

Magazeti ya mji pia yalikuwa na msiba wa pili ambao dunia iliupita haraka. Polisi aitwaye J. D. Tippit aliuawa mtaani siku hiyo hiyo, dakika kama 45 baada ya Kennedy kupigwa risasi, akaacha mke na watoto watatu. Kwa watu wa Dallas huyo alikuwa mtu wa mtaani kwao. Michango iliyofika kwa mjane wake ilizidi dola 600,000.

Umeuliza gazeti la mji lilibaki na kazi gani. Ningekueleza kwa maneno tu usingenielewa, kwa hiyo acha nikwambie yangu.

Tarehe 12 Aprili 1984, siku ya Alhamisi, nilikuwa mwandishi wa mkoani hapa Dodoma wa gazeti moja la Dar es Salaam. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa mjini kwa kikao cha Bunge, na siku hiyo akaondoka kwa gari kurudi Dar. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya duka la ugawaji. Kijana kama wewe huenda hujui foleni zile. Sukari, sabuni, khanga, vyote vilikuwa vya kugawiwa, na mwaka wa nyuma yake Sokoine alikuwa ameongoza msako wa wahujumu uchumi, bidhaa zilizofichwa zikatoka mafichoni. Msafara ulipita. Yeye sikumwona, niliona magari na vumbi. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Kigogo, amejifunga kaniki, mkononi ana kipande cha mche wa sabuni alichotoka kugawiwa. Akainua mkono ule ule wenye sabuni akapunga, akasema, "Huyu ndiye aliyenipa hii." Nikaandika maneno yake kwenye daftari, kwa mazoea tu.

Jioni redio ilikatisha vipindi, na Mwalimu mwenyewe akatangaza kwamba Sokoine amefariki kwa ajali ya gari, njiani akitoka kwetu. Ilikuwa Dakawa, mkoa wa Morogoro.

Asubuhi nilirudi dukani. Mlango ulikuwa umefungwa na foleni ipo, watu wamekaa chini hawasemi. Yule mama alikuwepo. Alikuwa na kipande chake cha sabuni, kimefungwa kwenye pindo la nguo, akaniambia hajakigusa. Nikaenda posta, nikangoja simu iunganishwe, nikamsomea mhariri wangu. Akanijibu kwamba hayo ya sabuni si habari, habari iko Dakawa na Dar, mimi nimtafutie rambirambi za viongozi wa mkoa. Nikamtafutia. Katika habari yangu Dodoma ilitajwa mara moja tu, kama mahali alipotoka. Kwa hasira nilichana zile kurasa za daftari nikawashia jiko la mkaa.

Nilimlaumu mhariri miaka mingi. Lakini ningeweza kuzitunza kurasa zile. Mimi ndiye niliyezichoma. Mji huu ndio uliomwona mtu yule akiondoka kwa mara ya mwisho, na nilikuwa na sentensi moja ya kulithibitisha hilo, kutoka kinywani mwa mtu asiye na cheo chochote. Leo nikiisimulia unaniamini kwa hisani yako tu. Mary Woodward yake imechapwa, ina tarehe, hata leo inasomwa.

Basi kwenye kazi yako eleza alisimama wapi mwandishi wa mji, saa ngapi, na aliona nini ambacho wa nje hakukiona. Eleza pia gazeti lilikuwa limechapa nini asubuhi kabla ya risasi, maana hilo nalo ni sehemu ya namna lilivyoripoti. Na usisahau kwamba Times Herald lilikufa lenyewe Desemba 1991, lakini picha zake za siku zile zimehifadhiwa katika makumbusho yaliyo ghorofa ya sita ya jengo lile lile la vitabu.

Mama Mhariri, mimi ni fundi cherehani, na mke wangu ni mwalimu. Tumebishana. Mimi nasema gazeti likiandika "Rais amekufa" si kosa, maana kufa ni kufa. Yeye anasema ni utovu wa adabu. Tena kwa nini magazeti huandika "afariki" badala ya "amefariki"? Na hayati na marehemu vina tofauti gani?
*Msomaji, Kongwa*

Mke wako ana haki, ila nawe hujakosea sana. Kufa ni neno safi. Cheti cha kifo hakiitwi cheti cha kufariki. Lakini Mswahili hamwambii mwenzake "baba yako amekufa". Kufariki maana yake ni kuachana, kutengana. Anayefariki dunia ameachana nayo. Neno hilo linampa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi.

"Afariki" ni lugha ya kichwa cha habari. Tunaondoa "me" ili herufi zitoshe, na pia habari isikike kana kwamba inatokea sasa: afariki, auawa, azikwa, aapishwa. Ndani ya habari unarudi kwenye "amefariki" au "alifariki", kutegemea saa unayoitaja. Ukiona gazeti limeandika "afariki" hadi aya ya tano, ujue aliyesanifu ukurasa alikuwa na haraka.

Marehemu ni aliyerehemiwa. Ni dua ndani ya neno, na kila aliyetutangulia anastahili. Hayati tumezoea kuwapa viongozi na watu wenye jina, nalo linatokana na neno la Kiarabu la uhai. Mimi nilikuwa naandika "hayati" mara moja mwanzoni, kisha natumia jina lake. Ukiweka hayati kila sentensi, jina lenyewe linafifia.

Kuna neno moja nilikuwa nalikata kila nikiliona kwenye kifo cha ghafla: "ameaga dunia". Kuaga ni kusema kwaheri. Mgonjwa aliyelala miezi, akaita wanawe, akawausia, huyo ameaga. Sokoine hakuaga. Alipanda gari akijua jioni atafika Dar. Waandishi wenzangu walinibishia kwamba ni msemo tu, haumaanishi hivyo tena, na huenda wana hoja, lakini kalamu yangu ilikataa.

Na aliyeuawa aandikwe ameuawa. Kichwa cha habari cha Dallas Morning News cha Jumamosi, tarehe 23 Novemba, ukikileta kwa Kiswahili kinasema: Kennedy auawa katika mtaa wa Dallas. Tazama neno la mwisho, fundi. Wangeweza kuandika Texas, jimbo kubwa kuliko nchi nyingi, aibu ikatawanyika. Wangeweza kuishia kwenye "auawa". Wameandika jina la mji wao, kwa herufi kubwa, kwenye gazeti ambalo jirani zao wangelisoma wakinywa kahawa. Kwa lile tangazo la Ijumaa siwezi kuwatetea, ila kwa neno hili nawaheshimu.

Mama, nasoma taarifa kwenye redio ndogo ya jamii. Ikitokea uvumi wa kifo cha kiongozi umejaa kwenye simu za watu na serikali haijatamka, nifanye nini? Nikinyamaza wananiona mwoga. Nikisema nakosea. Mwaka 2021 nilitetemeka siku nzima.
*Mtangazaji, Mpwapwa*

Mwanangu, hata Dallas palikuwa na pengo hilo. Madaktari walithibitisha kifo cha Kennedy saa saba mchana. Tangazo rasmi lilitolewa na Malcolm Kilduff, kaimu msemaji wa Ikulu, baada ya nusu saa na zaidi kidogo, katika darasa la wauguzi la Hospitali ya Parkland, maana Lyndon Johnson, makamu wa rais, alitaka kwanza kuondoka salama hospitalini. Ndani ya nusu saa ile ilitangazwa kwamba afisa wa ulinzi wa rais ameuawa. Haikuwa kweli. Ikasemwa Johnson amepata mshtuko wa moyo. Haikuwa kweli nayo. Watu waliosema hayo hawakuwa waongo kwa tabia. Walikuwa na hofu, na kimya kiliwauma.

Kwetu kimya kilikuwa kirefu zaidi. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021, na kuanzia wiki ya pili ya Machi watu waliulizana kwa sauti ya chini sokoni na kwenye daladala. Naelewa ulivyotetemeka. Kisha Jumatano, tarehe 17 Machi, ikikaribia saa tano usiku, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akaonekana kwenye televisheni ya taifa. Sikiliza tena tangazo lile kwa sikio la mwandishi. Alisema nani, alisema amefariki siku hiyo saa kumi na mbili jioni, alisema Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, alisema maradhi ya moyo, akataja lini alilazwa kwanza na lini alirudishwa, akatangaza siku 14 za maombolezo. Hayo ndiyo mambo uliyokuwa unayasubiri. Kabla hujayapata kutoka kwa mwenye mamlaka ya kuyasema, unachokijua ni kwamba watu wanaulizana tu.

Kwa hiyo mimi ningenyamaza juu ya kifo, ila nisingenyamaza kabisa. Ningewaambia wasikilizaji: saa hii ni saa fulani, tumepiga simu ofisi fulani, haijajibu, tutapiga tena saa fulani. Na kweli ningepiga. Msikilizaji wa Mpwapwa si mtoto. Ukimwambia umefika wapi, anangoja pamoja nawe.

Tangazo likishatoka, usijaze saa zako kwa kusoma kilichoandikwa Dar. Toka nje na kinasa sauti. Asubuhi ya tarehe 18 nilikwenda kwa muuza magazeti wangu hapa Dodoma. Upepo wa hapa unaujua, kila gazeti huwekewa jiwe mezani. Watu walikuwa wamezunguka meza pande zote, wanasoma vichwa vya habari bila kununua, kama siku zote, lakini hakuna aliyekuwa akibishana na mwenzake. Wakati wote niliokaa pale nilisikia karatasi zikipigapiga chini ya mawe.

Jumatatu, tarehe 22, mwili uliletwa Uwanja wa Jamhuri kwa ibada ya kitaifa, viongozi wa nchi mbalimbali wakaja. Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alikuwa akihutubia, adhana ikasikika, akanyamaza katikati ya hotuba mpaka ilipokwisha, kisha akaendelea. Hilo liliandikwa kila mahali, na lilistahili. Mimi nilikuwa nje ya uwanja, miguu yangu haikuniruhusu kuingia kwenye msongamano. Palikuwa na kijana anauza vitambaa vyeusi vya kufunga mkononi. Adhana ilipoanza alikuwa anamrudishia mteja chenji. Akasimama na noti mkononi, mteja naye mkono umenyooshwa, wakabaki hivyo wote wawili. Ilipokwisha akamkabidhi. Nililiandika papo hapo, na daftari hilo ninalo.

Shikamoo mama. Baba yetu alifariki mwaka jana, na kwenye sanduku lake tumekuta gazeti la Aprili 1984 lenye habari ya kifo cha Sokoine. Limekuwa la kahawia na linakatika kwenye mikunjo. Kaka yangu anataka tulitie kwenye nailoni ngumu ile ya vitambulisho. Tufanye nini?
*Binti wa marehemu, Manyoni*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Mwambie kaka yako asubiri, tafadhali. Mashine ile inayeyusha nailoni kwa moto na kuigandisha kwenye karatasi, na ikishaganda haibanduki tena. Selotepu nayo msiitumie, hata pale palipochanika. Gundi yake inaacha doa la njano na kula wino.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na utomvu na mengine yote, ndiyo maana ni rahisi. Ule mchanganyiko ukikutana na mwanga na hewa unageuka kahawia na kuwa na asidi, na asidi inaikausha karatasi mpaka ikatike kama mkate mkavu. Hamwezi kulirudisha jeupe, mnaweza kulizuia lisiendelee. Oshani mikono, mkauke. Lilazeni mezani, mlikunjue taratibu, mikunjo ikikataa msiilazimishe. Pigeni picha kila ukurasa leo leo, mchana kwenye kivuli, simu iwe juu sawasawa. Kisha wekeni karatasi nyeupe safi kati ya kurasa, mlilaze bila kulikunja ndani ya boksi la kadibodi linalolitosha, mfunike. Sandukuni kwa mzee lilidumu miaka yote hiyo kwa sababu giza lilikuwepo na hewa ya kwenu ni kavu, na huo ni msaada mkubwa kuliko wanaoupata watu wa pwani. Adui yenu ni mchwa. Boksi lisikae chini wala lisiegemee ukuta. Liwekeni juu ya rafu ya chuma au juu ya meza, mlikague kila mwezi.

Nina ombi moja. Mtakapokuwa mnapiga picha zile kurasa za ndani, mnitazamie kama kuna mahali popote mtu wa Dodoma amenukuliwa, si kiongozi, mtu tu wa foleni, wa sokoni, wa stesheni. Mwaka ule magazeti yalikuwa machache, na huenda mwandishi mwenzangu aliyekuwa na bahati kuliko mimi alifikisha sentensi yake. Kama ipo, ninakiliie neno kwa neno, uniandikie na namba ya ukurasa.